Kufunga injini ya dizeli kwenye Cessna 172: mwongozo kamili kwa mwenye ndege ya 5Y anayevuka mipaka

Avgas, petroli ya ndege ndogo, ndo ilianza haya yote. Ukiwa Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, unajaza tenki unaondoka, lakini ukienda viwanja vya mbali unaanza kupiga simu siku 3 kabla kuuliza kama kuna pipa limebaki, na bei utakayotajiwa huibishi manake huna pengine pa kwenda, huku Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, iko karibu kila mahali ndege za abiria zinapotua. Ndo hapo mwenye Cessna 172 anaanza kuota injini ya dizeli, ile inayokunywa Jet A-1, tena lita 17 hadi 20 kwa saa badala ya 30 na kitu za Lycoming, ile injini ya petroli iliyokuja nayo. Ndoto nzuri, mimi mwenyewe naipenda. Shida ni kwamba watu wengi huanza kwa kutafuta injini, wakishaipata ndo wanauliza habari ya vibali. Hapo ushachelewa.

Nitatumia mfano mmoja tusije tukatangatanga: Cessna 172N iliyotengenezwa kati ya 1977 na 1980, usajili wa Kenya yaani 5Y, ilitoka kiwandani na Lycoming O-320 ya hospawa 160, mwenyewe anataka kuitoa aweke Continental CD-135 ya Ujerumani, na huwa anaruka kwenda Arusha na Entebbe. Kama yako ni 5H (Tanzania) au 5X (Uganda) mambo ni yale yale, we badilisha tu jina la mamlaka, pale pa KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, uweke TCAA ya Tanzania ama UCAA ya Uganda.

KABLA YA YOTE, JUA NDEGE YAKO ITAKUWA NA WAZAZI WANGAPI

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mtu akielewa hapa, hatua zote zinazofuata anaweza kuzibuni mwenyewe.

Bodi la 172 lilibuniwa Marekani, kwa hiyo mzazi wake ni FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na karatasi yake ya kuzaliwa ni ile data shiti namba 3A12. Injini ilibuniwa Ujerumani, cheti chake ni cha EASA, mamlaka ya anga ya Umoja wa Ulaya. Propela inayokuja nayo, MT ya panga tatu, nayo ni ya Ujerumani na ina cheti chake peke yake. Halafu kuna ruhusa ya kuviunganisha vyote viwe ndege moja, na hiyo ni cheti kingine kinachojitegemea, ndo STC, cheti cha nyongeza kinachosema kwamba modeli fulani, seriali kuanzia namba fulani hadi fulani, ikifungwa injini fulani kwa michoro fulani, bado inastahili kuruka. Yaani kuwa na injini yenye cheti na ndege yenye cheti hakukupi ndege yenye cheti, mpaka upate hiyo karatasi ya ndoa katikati.

Juu ya hao wazazi wote kuna nchi iliyoandika ndege kwenye rejista yake. Huu ni utaratibu wa Mkataba wa Chicago wa 1944: kifungu cha 31 kinasema kila ndege inayoruka kimataifa iwe na cheti cha ustahiki wa kuruka kutoka nchi iliyoisajili, sio nchi iliyoiunda, sio nchi uliyonunua injini. Kwa hiyo hata FAA na EASA wote wakisema iko sawa, KCAA ndo inaweka muhuri wa mwisho. Na kifungu cha 33 ndo kinakuruhusu kuvuka mpaka: nchi nyingine italazimika kukitambua cheti chako ilimradi kimetolewa kwa viwango visivyopungua vile vya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, na viwango hivyo viko kwenye Kiambatisho cha 8 cha mkataba huo.

Wengine huuliza, si tuna jumuiya, si kuna CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa jumuiya, pale Entebbe? Ipo, ilianza 2007, na kazi yake kubwa ni kufananisha kanuni za nchi za Afrika Mashariki ili zisomeke karibu sawa. Haitoi C of A, yaani kile cheti cha ustahiki wa kuruka. Ukibisha hodi Entebbe ukiwa na injini yako watakurudisha kwa mamlaka ya nchi yako.

HATUA YA 1: SOMA KIBAO CHA NDEGE, SIO TANGAZO LA ALIYEKUUZIA

Nenda na tochi usome kile kibao cha chuma chenye modeli na seriali namba. Kisha linganisha na logibuku, kisha na cheti cha usajili. Vyote vitatu lazima viseme kitu kimoja.

Mtego mkubwa hapa ni herufi F. Kuna 172 zilizoundwa Ufaransa na kampuni ya Reims, zinaitwa F172, na nyingi ziliuzwa Ulaya kabla ya kusambaa kwingine. Kwa macho ni ndege ile ile, rangi, milango, hata harufu ya viti, lakini kisheria ina data shiti yake tofauti. STC inayotaja 172N pekee haiihusu F172N hata kama boliti zote zinaingia. Niliwahi kuona ndege ya hivyo ikikaa hanga miezi mingi, injini mpya kwenye sanduku, mwenyewe anazunguka ofisi hadi ofisi, kisa herufi moja. Kwa hiyo uliza mapema: hii STC inataja modeli yangu KWA JINA, na seriali yangu imo ndani ya ile orodha? Jibu la "inafaa tu, ni zile zile" usilikubali hata kutoka kwa rafiki.

Ukiwa hapo hapo andika marekebisho yote ambayo ndege ishafanyiwa huko nyuma. Tairi kubwa za porini, sanduku la mizigo chini ya tumbo, vifaa vya STOL (vya kupaa na kutua runwei fupi) kwenye mabawa, tenki za ziada. Utazihitaji hatua ya 3.

HATUA YA 2: CHAGUA NJIA, NA UJUE KILA NJIA INAISHIA WAPI

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni STC iliyopo tayari. Kwa 172 na hii familia ya CD-135 na CD-155 zipo, za EASA na za FAA. Ukiipata ya modeli yako, ishia hapo, usiwe mbunifu.

Ya pili ni kutengenezewa idhini ya ndege yako moja tu. Unaajiri shirika la usanifu lenye kibali, linachora, linapiga hesabu za mtetemo, za kupoza injini, za mfumo wa mafuta, linafanya majaribio, kisha mamlaka inakubali ama inakataa. Inawezekana, ila kwa 172 ni kama kujenga daraja ili uvushe mbuzi mmoja, gharama ya makaratasi itaipita ndege.

Ya tatu ni kuiingiza ndege kwenye kundi la majaribio ama kibali maalum cha kuruka. Hapo unaweza kufunga hata injini ya gari mradi wakubwa wakuamini. Lakini ndo inakokufa safari yako ya Arusha. Ndege isiyofikia viwango kamili vya ICAO, kifungu cha 40 cha mkataba kinasema haishiriki usafiri wa kimataifa mpaka nchi unayoingia ikuruhusu, na ruhusa hiyo unaiomba kila nchi kivyake. Kwa mtu anayezunguka juu ya Rift Valley wikendi ni sawa kabisa, kwa anayevuka Namanga kila mwezi ni kujitesa.

Kuna mtu atauliza habari ya kuiandikisha ndege nje, N ya Marekani ama G ya Uingereza, halafu iendelee kukaa Nairobi. Sawa, lakini sheria inafuata rejista. Ikiwa N, kazi inasainiwa na fundi mwenye leseni ya Kimarekani na mkaguzi mwenye IA (idhini ya ukaguzi), na ile Fomu 337 ya marekebisho makubwa inaenda FAA. Ikiwa G, kumbuka Uingereza ilitoka EASA mwisho wa 2020, kwa hiyo karatasi mpya ya EASA usiichukulie kuwa moja kwa moja ni ya Uingereza, waulize CAA yao kwanza. Hujakwepa kazi, umehamisha tu foleni.

HATUA YA 3: ANDIKA BARUA KABLA HUJALIPA HATA DIPOSITI

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote na ndo watu huiruka. Andikia mamlaka yako, kitengo cha ustahiki wa ndege, ueleze nia: ndege gani, seriali gani, STC namba gani, nani ameitoa, nani ataifunga. Uliza kama wanaikubali na kwa masharti gani. Ambatanisha nakala ya STC yenyewe pamoja na kurasa zake za masharti, data shiti ya injini na ya propela, orodha kuu ya michoro, nyongeza ya kitabu cha rubani, na maelekezo ya matengenezo ya kuendelea. Mwenye STC anazo zote, akianza kukuzungusha kuzitoa kabla hujalipa, hiyo nayo ni habari.

Angalia pia STC ni ya nani. Marekani na Umoja wa Ulaya wana makubaliano ya usalama wa anga yaliyoanza kazi Mei 2011, ndo maana cheti cha upande mmoja kinathibitishwa upande wa pili bila kuanza sifuri. Sisi hatumo ndani ya makubaliano yale. Tunachofanya ni kupokea cheti cha nchi iliyobuni na kujiridhisha wenyewe, kwa hiyo ukiwa na STC ya EASA iliyothibitishwa pia na FAA, ambaye ndo mzazi wa 172, unamrahisishia sana mkaguzi. Ukiwa na ya upande mmoja tu tegemea maswali zaidi.

Kitu kingine ni barua ya ruhusa. Mtu anadhani akipakua PDF ya STC basi ameipata. Hapana. Sheria ya Marekani inasema wazi kwamba mwenye ndege hawezi kutumia STC ya mtu bila idhini ya maandishi ya mwenye nayo, na barua hiyo hutaja seriali ya ndege yako. Ukinunua injini yuzd kwa jamaa aliyeitoa kwenye ndege yake, umenunua chuma, ruhusa imebaki kwenye ndege ile.

Sasa toa ile orodha ya marekebisho ya zamani. STC nyingi zina sentensi inayosema mfungaji ndiye wa kuhakikisha kwamba marekebisho haya hayagongani na mengine yaliyopo. Kwa lugha yetu: aliyebuni injini hajui kama una tairi kubwa na sanduku la mizigo tumboni. Hewa ya kupoza rejeta inapita chini ya pua, na sanduku liko pale pale. Injinia wako aandike amekagua nini na ameona nini, asiseme tu kwa mdomo.

HATUA YA 4: MCHUNGUZE MWENYE STC KAMA UNAVYOMCHUNGUZA MKWE

Hizi injini zilianza na kampuni ya Thielert. Cheti cha mwanzo cha Centurion 1.7 kilitoka 2002, na ndio, ile tetesi ni kweli, msingi wake ni injini ya Mercedes-Benz ya A-Class, ikaongezwa giaboksi ya kupunguza mizunguko na kompyuta mbili za kuiendesha. Injini inazunguka hadi 3,900 kwa dakika, giaboksi ya 1.69 inaishusha, propela inapata kama 2,300. Ikaja ya lita 2.0. Hata Cessna wenyewe 2007 walitangaza 172 ya dizeli kutoka kiwandani.

Halafu Aprili 2008 Thielert ikafilisika. Wenye ndege waliokuwa na dhamana mkononi wakaambiwa hiyo dhamana haipo tena, spea zikapanda bei, ndege nyingi nzima zikalala chini. Mpango wa Cessna ukafa. Baadaye 2013 mali zikanunuliwa na wachina wa AVIC wenye Continental, ndo jina likawa CD-135 na CD-155, na kazi inaendelea pale Sankt Egidien, Saxony.

Nasimulia haya kwa sababu injini hii haifanyiwi ovaholi kama Lycoming. Muda ukifika unaitoa nzima unaweka nyingine, kwa hiyo badala ya kuhesabu muda wa ovaholi unahesabu muda wa kubadilisha. Hakuna fundi mzee mtaani atakayekuokoa kwa kuchonga silinda. Unamtegemea mwenye kiwanda kila baada ya miaka kadhaa, na katikati kuna vitu vya kubadilisha kwa saa maalum, giaboksi, klachi, pampu, betri ya akiba. Piga hesabu ya saa zako kwa mwaka. Mtu wa saa 80 kwa mwaka simshauri kabisa, akiba ya mafuta haitarudisha pesa hata akiruka mpaka wajukuu wake wapate leseni, maana kifurushi kizima mara nyingi kinakaribia bei ya 172 kuukuu yenyewe. Shule ya urubani inayoruka kila siku, hiyo hesabu yake inaongea lugha nyingine.

HATUA YA 5: KUNUNUA NA KUINGIZA NCHINI

Injini na propela zije na hati ya kuachiwa iliyosainiwa, ya Ulaya inaitwa Form 1, ya Marekani 8130-3. Seriali kwenye hati ilingane na seriali kwenye chuma, ikague sanduku likiwa bado kwa msafirishaji. Bila hiyo hati, injini ya pesa ndefu ni pambo la hanga.

Kwenye kusafirisha kuna jambo dogo: injini iliyokwisha kuwashwa, hata ile iliyojaribiwa kiwandani tu, inaweza kuhesabiwa kama mzigo wa hatari kwa sababu ya masalio ya mafuta, namba yake ni UN3528. Mwambie msafirishaji mapema.

Na forodha sasa, hapa pananichekesha kila mara. Kwenye mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, injini za ndege zina kijumba chao 8407.10, lakini fungu hilo la 8407 ni la injini za spaki, zile za petroli. Dizeli ziko 8408, na huko kuna vijumba vya meli na vya magari, ndege haikutajwa, inaangukia kwenye "nyinginezo" pamoja na majenereta. Kwa hiyo ofisa akifungua sanduku anaona injini ya dizeli, kifuniko kinafanana na cha gari, na namba inasema nyinginezo. We ingia na wakala wa forodha anayejua mambo ya ndege, ukiwa na STC, barua ya ruhusa na barua ya mamlaka ya anga mkononi, uombe namba ithibitishwe KABLA mzigo haujafika. Nazi mbovu harabu ya nzima, karatasi moja yenye kosa inazuia sanduku zima na stoo inahesabu siku.

HATUA YA 6: NANI ANASHIKA SPANA

Sio kila karakana. Iwe na idhini ya mamlaka inayotaja injini za aina hii, na injinia atakayesaini awe amepata mafunzo yake. Fundi aliyebobea Lycoming miaka 30 namheshimu sana lakini hapa hakuna magneto (kifaa kinachotoa spaki bila betri), hakuna kabureta, hakuna miksicha (leva ya kupunguza mafuta), kuna laptopu inayosoma kompyuta ya injini. Kama karakana yenye sifa haipo karibu, fikiria kumleta mtaalamu wa kiwanda kwa wiki chache afanye kazi chini ya idhini ya karakana ya hapa, na hilo nalo liandikwe kwenye ile barua ya hatua ya 3.

HATUA YA 7: KAZI YENYEWE

Fundi ana michoro, mimi nitataja yale ambayo mwenye ndege anapaswa kuyakodolea macho.

Mafuta. Dizeli ya mfumo huu inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma, yaliyobaki yanarudi tenki. Kwa hiyo kuna paipu za kurudisha ambazo 172 yako haikuwa nazo, na swichi ya kuchagua tenki inabadilika pia. Tenki na paipu za zamani zisafishwe kwa uhakika, uchafu wa miaka 40 ukiingia kwenye pampu ya presha kubwa umekwisha.

Umeme. Lycoming ya magneto, betri ikifa angani unaendelea tu. Hii bila umeme inazima, ndo maana STC ina betri ya akiba na waya zake za pekee. Usikubali fundi "aunge tu hapa" redio au chaja ya simu kwenye saketi hiyo. Kuna tukio la 2007 pale Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye injini mbili za Thielert iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri ilikuwa imekwisha, ikapaa, rubani alipokunja magurudumu voltu ikashuka sekunde kidogo tu, kompyuta zikajizima na kuwaka upya, injini zote mbili zikapotea kwa pamoja. Magurudumu ya 172N hayakunjwi, sawa, lakini somo la betri ni lile lile. Betri ikiwa imelala, chaji kwanza au badilisha, usiwashe kwa nje ukapaa.

Maji. Sasa una rejeta na kulenti. Kwenye joto la mchana unapopanda taratibu umebeba watu, ndo utajua kama mabati ya kuelekeza hewa yamefungwa vizuri.

Leva. Unabaki na leva moja ya nguvu. Marubani wako wote wapewe mafunzo ya tofauti na yaandikwe kwenye logibuku zao, Ulaya ni lazima kwa ndege za leva moja, na hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha, mtu aliyezoea kuvuta miksicha ili azime injini atababaika.

HATUA YA 8: MIZANI NA HESABU ZA WILSON

Baada ya kufunga, ndege ipimwe upya kwenye mizani halisi, isiwe ya kukokotoa kwa kalamu. Kitovu cha uzito kitakuwa kimehama. Na mafuta yenyewe ni mazito: lita moja ya Avgas ni kama kilo 0.72, Jet A-1 ni kama 0.8. Ukijaza lita 150 ilikuwa kilo 108, sasa ni 120, kilo 12 zimetoka kwenye begi la abiria. Habari njema ni kwamba kwa safari ile ile huhitaji kubeba lita 150 tena. Ila 172N ina kikomo cha kilo 1,043 za kupaa, na hicho hakiongezeki kwa sababu umefurahia injini mpya, isipokuwa STC iseme hivyo.

Kuhusu nguvu, watu husema "unatoka 160 unaenda 135, umepunguza". Usawa wa bahari kama Mombasa ni kweli. Lakini Wilson iko karibu futi 5,500. Mchana wa nyuzi 28 hewa inakuwa nyembamba kama vile uko futi 8,400 hivi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) inapoteza takriban asilimia 3 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ile 160 yako pale runwei ni kama 120 tu. Dizeli ina tabo, inashikilia nguvu zake huko juu, kwa hiyo Wilson na Arusha huioni ile hasara. Hata hivyo usitumie jedwali la zamani la kitabu cha Cessna kupima urefu wa kupaa. Nyongeza ya kitabu inayokuja na STC ina majedwali yake, na ndo ya kisheria sasa.

HATUA YA 9: KUWASHA, KUJARIBU, KUSAINI

Chini kwanza: washa, zima, fungua, tafuta inapovuja, soma kompyuta, rudia. Halafu omba kibali maalum cha safari ya majaribio, manake mpaka wakati huu ndege haina C of A inayoihusu. Kibali hicho ni cha ndani ya nchi, bila abiria, na rubani awe anayeijua injini. Bima iambiwe kwa maandishi kabla ya safari hiyo, sio baada, kwa sababu bima uliyonayo inataja injini nyingine.

Ikikubali, sasa makaratasi ya mwisho: logibuku ya bodi, mpya ya injini, mpya ya propela, cheti cha kuirudisha ndege kazini, ripoti ya uzito, orodha mpya ya vifaa, nyongeza ya kitabu cha rubani iliyowekwa NDANI ya kitabu, cheti cha kelele kama nchi yako inakitoa maana injini na propela zimebadilika, na programu ya matengenezo iliyorekebishwa na kupitishwa. Ndo KCAA inakagua na kuweka sawa C of A.

Kwenye hiyo programu ya matengenezo andika nani anafuatilia maagizo ya usalama kutoka wapi. Zamani ulisoma ya FAA ya Cessna na ya Lycoming, basi. Sasa ya bodi yanatoka FAA, ya injini na ya propela yanatoka EASA, na mwenye STC ana matangazo yake. Agizo la EASA likitoka Ijumaa na fundi wako anasoma tovuti ya FAA pekee, utaendelea kuruka hujui. Jisajili upate barua pepe zao zote, ni bure.

HATUA YA 10: KUVUKA

Kifungu cha 29 kinataka ubebe cheti cha usajili, C of A, leseni za marubani, kitabu cha safari, leseni ya redio na orodha ya abiria. Hizo kila mtu anazo. We ongeza nakala ya STC, barua ya ruhusa, cheti cha kurudisha ndege kazini na ile nyongeza ya kitabu. Sio kwamba mkaguzi wa Kilimanjaro ama Entebbe lazima aziombe, ila ana haki ya kukagua, na anaijua 172 tangu akiwa chuo, sasa anaiona ya kwako ina panga tatu, matundu ya rejeta puani na stika ya Jet A-1 kwenye bawa. Ukimkabidhi faili moja lililopangwa, dakika 10 mmemaliza. Ukianza kueleza kwa maneno utalala huko.

Na siku utakapoiuza nje ya Kenya, mnunuzi ataanza hatua ya 3 upya na mamlaka ya kwao, kwa hiyo hilo faili lisitupwe, ni sehemu ya bei.

La mwisho ni mafuta. Tundu la tenki la ndege ya Avgas hufanywa jembamba ili bomba pana la jeti lisiingie. Kinyume chake hakuna kizuizi, bomba jembamba la Avgas linaingia vizuri tu kwenye tundu la Jet, na kwenye pipa la porini na pampu ya mkono hakuna bomba la kuzuia lolote. Kijana wa mafuta akiona Cessna 172 mikono yake inajiendea kwenye Avgas, ndivyo alivyofundishwa, tena kwa nia njema kabisa kwa sababu jeti kwenye 172 ya kawaida inaua. Kwako wewe Avgas ndo sumu, hailainishi pampu ya presha, inaisaga. Kwa hiyo usiende chooni wala kulipia landing wakati wa kujaza. Simama kando ya bawa, mwambie kwa sauti "Jet A-1", tazama pipa limeandikwa nini, na ukimaliza toa mafuta kidogo chini ya tenki kwenye chupa ya kioo: ikiwa ya buluu ni Avgas, usiwashe.